Pwani Isiyo na Joto

Utemini, Singida
Ijumaa, alasiri

Salome mwanangu,

Sikuulizi hali. Nimekuona asubuhi, hali yako ilikuwa ya hasira na yangu ilikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo tuseme tumeshajuliana hali. Sasa hivi mko Ulemo na baba yako kumuaga bibi. Mtarudi jioni na kuku aliyefungwa miguu, ambaye huwezi kusafiri naye, na mtamkubali kwa sababu bibi hakataliwi. Mimi nimebaki hapa na begi lako likiwa wazi katikati ya sebule. Kesho alfajiri unapanda basi. Nimeona niandike kabla hujarudi, maana ukiwa mbele yangu mdomo wangu hutangulia na akili hufika baadaye, kama ilivyotokea leo.

Habari za soksi sitaandika. Wala sitakuambia ule nini, ulale saa ngapi na uchague marafiki wa namna gani. Una miaka ishirini, hayo ama unayajua ama nimeshachelewa. Nina jambo moja tu, nalo ni kifua chako. Nitalisema kwa ukali kwa sababu nina hasira na huo mji unaokwenda, nina hasira na wewe, na zaidi ya wote nina hasira na mimi mwenyewe. Utanivumilia. Umenivumilia kwa mengi kuliko unavyojua, na utayaona humu ndani.

Nianze na mji.

Unakumbuka mwezi wa kwanza, ile fomu ya masomo ilipokuwa mezani, kulikuwa na miji mitatu ya China ya kuchagua. Uliniuliza mimi. Mimi, niliyeishia darasa la saba na sijavuka mpaka wowote, nikakuuliza upi kati ya hiyo uko pwani. Ukanionyesha kwenye simu. Nikakwambia chagua huo, na nililisema hilo kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa huko. Sababu yangu ilikuwa moja. Ulipokuwa na miaka saba nilikupeleka Dar es Salaam kwa mama yako mdogo, Mbagala, ukakaa mwezi mzima, na mwezi mzima hukukohoa. Ulikimbia na watoto wa jirani hadi jasho likakulowesha gauni, na kifua kimya. Tangu hapo kichwani mwangu pwani ikawa dawa. Sisi watu wa bara tukisikia pwani tunawaza joto, feni na kanga nyepesi. Baba yako akaenda mbali zaidi, akakununulia ndala mpya za kutembelea ufukweni. Zipo hapa kwenye begi. Naziangalia na sijui nicheke au nizichome.

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea mafuta ya alizeti mwalimu Stella, yule wa fizikia pale sekondari yenu, na katika kuongea nikajua kwamba alisoma miaka miwili katika mji huo huo. Nikakaa kwake hadi chai ikapoa. Aliniambia bahari ya huko wakati wa baridi huganda pembezoni, unaona barafu pale ambapo ungetegemea mawimbi. Aliniambia ikifika mwezi wa kumi na moja mji mzima huwashiwa mitambo ya kupasha nyumba joto, na mingine bado inakula makaa ya mawe, ukiacha viwanda na meli za bandarini ambavyo havilali. Upepo ukitoka baharini hewa husafika, lakini ni upepo wa kukata masikio. Upepo ukitulia baridi inapata nafuu kidogo, na hapo ndipo moshi unaposhuka na kukaa. Hauendi popote, siku tatu, siku nne. Jua linakuwa jekundu saa sita mchana na unaweza kulitazama bila kufumba jicho. Watu wanafunga madirisha, wanavaa barakoa, na wanaendelea na kazi zao kana kwamba ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Kwa hiyo huko unapewa moja kati ya mawili, baridi iliyo safi au nafuu iliyo chafu. Mwalimu alisema ukitoka kwenye chumba chenye joto ukashuka ngazi kwenda nje, kifua kinajikaza kabla hujafika mlangoni. Yeye hana pumu, na alikohoa miezi mitatu. Halafu akaniuliza, kwa sababu ni mtu mwenye kumbukumbu, kifua chako kikoje siku hizi. Nikamjibu kizima. Nilijibu haraka, kama mtu anayefukuza inzi. Nilikuwa nimeshika kikombe chake, nimetoka kusikia yote hayo, na bado neno lililonitoka ni kizima.

Tangu siku ile siupendi mji huo na sitajifanya naupenda ili usafiri kwa amani. Ulipoomba nafasi uliniwekea kile kipimo cha hewa kwenye simu kama mzaha, ukanifundisha rangi zake, kijani ni hewa safi na zambarau ni mbaya kupita zote. Wewe ulishasahau. Mimi nimekiangalia kila asubuhi tangu Januari kabla sijawasha jiko. Nimeuona mji wako ukiwa kijani siku za upepo, ukiwa njano, ukiwa mwekundu, na kuna wiki moja uligeuka zambarau nikadhani simu imeharibika. Sikukuambia. Nilijua ukiniona nina hofu ungenicheka, na nilijua usiponicheka ingekuwa mbaya zaidi. Najua pia utaniambia Singida nako kuna vumbi. Ni kweli, upepo huu wa Agosti ungepimwa hiyo simu ingepasuka. Lakini vumbi letu linakujua na wewe unalijua, unajua pa kujibanza na nani wa kumwita. Kule hakuna anayejua hata ukihema kawaida unasikikaje.

Hapo ndipo tulipogombana asubuhi, na nataka tuliweke wazi, maana tulipigiana kelele hadi hakuna aliyesikia. Kwenye fomu ya afya kuna mahali wanauliza kama una pumu. Uliweka alama kwenye hapana. Nilikuwa nimekaa pembeni yako wakati unajaza, nikaona, nikanyamaza. Leo ndiyo nikapata ujasiri, siku ambayo begi limefungwa nusu, nikakuambia ukifika uende kituo cha afya cha chuo useme kweli, na umwambie utakayelala naye chumba kimoja. Ukasema hapana. Ukasema hutaki kuwa mgonjwa wa kwanza kutoka Tanzania. Nikakuita mjinga, na hilo neno nalirudisha. Ndipo ukanijibu yale ambayo tangu asubuhi yananizunguka humu ndani.

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kuvutia dawa chooni. Leo unataka niivutie barazani?"

Nikakufokea kuhusu sahani. Hakukuwa na sahani yoyote. Ukaondoka na baba yako bila kuniaga.

Sasa nakujibu.

Wewe umekulia kwenye moshi wangu. Watu wakiona mafuta ya alizeti yamepangwa barabarani kwenye chupa, yanameta, hawajui yalikopita. Mimi nilikuwa nanunua mafuta mabichi mashineni, nayachemsha kwenye pipa hapa uani ili maji yatoke, na nilikuwa nachochea kwa makapi ya alizeti kwa sababu yapo tele na yanawaka vizuri. Yanawaka vizuri na yanatoa moshi mweusi wenye kunata. Msimu wa kukamua ndio huo huo msimu wa baridi yetu na upepo wetu, Juni, Julai, Agosti. Ukawa unakaa nami pale pipani, kwa sababu palikuwa na joto. Nilikuita mimi. Nilikuwa nasema njoo huku mwanangu usije ukashikwa na kifua, na nakuweka palepale penye moshi ili nikukinge na baridi. Ukikohoa nakusogeza karibu zaidi.

Ulipofika miaka kumi daktari mmoja alikupa ile inhela ya bluu. Alikaa na wewe akakufundisha kutikisa, kutoa pumzi, kuvuta, kuhesabu. Ulijifunza kwa siku moja na ukawa unaringa nayo, unawaonyesha wenzako. Mimi sikuringa. Hapa mtaani kila mwanamke niliyemweleza alinipa pole kama vile nimefiwa. Waliniambia mtoto akishaanza hiyo kitu mapafu yanaizoea, haachi hadi anaingia kaburini. Waliniambia na binti wa kuvuta dawa nani atamposa. Nikaanza kukuchunguza. Kila upepo ukivuma unaiulizia, na kila ukiivuta unatulia. Mtu mwenye akili angesema dawa inafanya kazi. Mimi nilisema imeshamkamata.

Salome, ile inhela hukuipoteza.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi. Hukuipoteza. Ulikuwa umeiacha chini ya mto wako siku hiyo ukaenda shule. Niliichukua nikaitumbukiza chooni, kwenye lile shimo la zamani ambalo lilikuja kufukiwa baadaye. Uliporudi ukaitafuta, nikakuuliza umeiweka wapi. Ukasema chini ya mto. Nikasema mwongo wewe, umeipeleka shule kuringia watu ukaipoteza. Ukalia, ukasema pengine, ukasema hukumbuki. Nikakuchapa kwa kandambili. Nilikuchapa sana kuliko kosa lenyewe, kwa sababu nilikuwa najua hakuna kosa, na nilitaka uamini lipo.

Ukaamini. Baada ya hapo kila kitu kikipotea nyumbani, sindano, ufunguo, kijiko, ulikuwa unasema labda ni mimi.

Mwaka mzima nikakupaka mafuta ya kondoo kifuani, nikakunywesha tangawizi, nikawaambia watu amepona. Ulikuwa hujapona, ulikuwa umejifunza kukohoa polepole. Halafu ikaja ile Julai, saa tisa mchana, upepo unageuza moshi wa pipa kila upande na wewe unachochea makapi kwa sababu mimi nilikuwa na mteja. Niligeuka nikakuona umekaa chini umeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka na hakuna sauti inayotoka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Unajua nilifanya nini kwanza? Nilikimbilia mafuta ya kondoo. Nilikupaka, Salome, huku unakufa. Baba yako ndiye aliyekunyang'anya mikononi mwangu akaita bodaboda, tukakuweka katikati yetu, mgongo wako kifuani mwangu, nikawa nausikia mwili wako unavyotafuta hewa na hauipati.

Hospitali walikufunika pua na mdomo kwa kile kifaa cha mvuke. Daktari akaniuliza, "Dawa yake ya kuvuta iko wapi?"

Nikasema, "Aliipoteza."

Akakugeukia. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, huwezi hata kukaa wima. Ukakisogeza kile kifaa kwa mkono, ukamwambia, "Samahani, niliipoteza."

Alikurudishia kifaa usoni, akakuambia kwa upole uwe mwangalifu siku nyingine. Ukaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Ningeweza kusema wakati huo. Ningeweza kusema njiani, au kesho yake, au siku yoyote katika miaka hii tisa. Baba yako hajui hadi leo. Ataisoma hii ukitaka aisome, mimi sitaificha tena.

Nilichofanya badala ya kusema ni kulihamisha pipa. Nililipeleka kule mashineni, nikaanza kuchemshia huko, na majirani wakanisifu kwamba nampenda mtoto. Nikajiona nimeshamaliza deni langu. Daktari akakupa inhela nyingine, na hiyo sikuitupa. Nilikuambia tu usiitoe mbele za watu. Ukibanwa ingia chooni, nilikuambia, vuta, kaa kidogo, toka kama vile hakuna kitu. Ukawa hodari. Ulipokuwa bweni matroni aliniambia hana habari kama una kifua, nami nikafurahi. Nilifurahi kwamba mwanangu anaweza kukosa hewa katika nyumba yenye wasichana themanini na asijue hata mmoja. Kwa hiyo asubuhi ulisema kweli. Ile alama ya hapana kwenye fomu mkono ulikuwa wako, lakini niliyeiandika ni mimi, kwa kandambili, miaka kumi iliyopita.

Wewe unafikiri mimi ninayekuonya juu ya mji ule ni mama mwenye hofu za kishamba. Sawa, nina hofu za kishamba. Lakini mimi nimeziona rangi za mji wako moja baada ya nyingine hapa kwenye simu, na nimeuona mwili wako kwenye bodaboda ile, nami najua mambo hayo mawili yakikutana yanafanya nini. Katika mji ule siku za zambarau hutapata muda wa kutafuta choo. Baridi haitakusubiri utoke darasani kwa adabu. Kutakuwa na watu arobaini karibu yako, wote wamevaa barakoa, na kama hawajui, watadhani unapumzika.

Sasa lililobaki. Mchana wa leo, mlipoondoka, nilichukua simu nikampigia Agnesi, mwenzako mnayesafiri naye hadi chuoni. Namba yake nilikuwa nayo tangu mlipopata barua za chuo pamoja. Nilikuwa nimeshaamua kumwambia kila kitu, ili ukipandia basi hapa na yeye akipandia Manyoni, akukute tayari anajua. Alipokea vizuri, akaniamkia shikamoo mama, akaniambia mama yake analia tangu jana. Nikamwitikia marahaba. Nikafungua mdomo. Halafu nikaona ninachotaka kufanya. Ni kile kile. Nimeamua jambo la kifua chako bila kukuuliza, kama nilivyoamua mji, kama nilivyoamua ile dawa iende wapi. Mara zote nilikuwa na uhakika, na mara zote aliyekosa hewa ni wewe. Nikamuuliza Agnesi kama ana koti zito. Akasema anatafuta. Nikamtakia safari njema, nikakata simu.

Ilinichukua nguvu nyingi kuliko kumwambia. Sijui kama nimefanya vyema. Ukipatwa na jambo kule na Agnesi hajui, nitaikumbuka simu hii kila siku ya maisha yangu. Lakini siri hii nimeishika kama mali yangu, na kifua si changu. Wewe ndiye utakayemwambia, au hutamwambia. Kutoka Manyoni hadi Dar es Salaam ni safari ndefu, nafasi mtaipata.

Inhela zako zipo mbili kwenye mkoba wa mkononi, mfuko wa nje, usiofungwa na zipu. Ndala nimezitoa.

Sijui utanifanyia nini ukishasoma. Unaweza ukakaa mwaka bila kunipigia, na mimi nitakaa, sitakutumia baba yako kukubembeleza. Sikuombi unisamehe kabla hujapanda basi, maana ukinisamehe haraka nitajua umefanya hivyo ili nisilie mbele ya abiria. Kasirika kwanza. Kasirika hadi mwisho, una haki, hukuwahi kupewa nafasi. Naomba hasira hiyo iwe kwangu tu, usije ukaigeuzia kifua chako.

Na siku moja, iwe Desemba au Januari, utabanwa mbele za watu. Utaisikia inakuja. Mkono utakwenda kwenye mkoba, halafu utasita, utatafuta mlango, utaona aibu. Ukisita hapo ukumbuke kwamba hiyo aibu si yako na haijawahi kuwa yako. Nilikupa mimi ukiwa mtoto, kwa kosa nililolitenda mimi. Vuta dawa yako mwanangu, mbele ya yeyote aliyepo, na aibu uniachie mwenyewe niliyeitengeneza.

Mama yako